Kesi ya Mchoraji wa Sandukuni

Bi Zaituni Shemweta alikuwa mkaguzi wa shule huko Korogwe kabla hajastaafu, na walimu wa wilaya nzima walimjua kwa swali lake moja. Shule ikianguka ghafla kwenye mitihani, wakaguzi wenzake walikwenda na ukali na semina. Yeye alikaa dawati la nyuma, akatoa karanga zake mkobani, akauliza, "Hapa nini kimebadilika?" Mara nyingi jibu lilikuwa kitu kidogo cha kumtia mtu haya: kisima kimekauka na watoto wanatumwa maji asubuhi, au mwalimu wa hesabu amepata mchumba. Swali hilo ndilo alilokwenda nalo Sandukuni, na kidogo limgeuke mwenyewe.

Namna alivyofika huko haina haja ya kumchosha msomaji. Itoshe kusema kwamba alasiri moja alikuwa sebuleni kwake, amechoka kusikiliza manung'uniko ya mumewe. Binti yao Salha, anayefanya kazi Mwanza, alimletea baba yake kompyuta kubwa ya mezani ili jioni wacheze mpira wa kwenye kioo, baba huku, binti kule, wakitaniana kupitia spika. Siku za mwanzo sebule ilijaa vicheko. Kisha, bila sababu iliyojulikana, picha zikaanza kukwama. Mchezaji ananyanyua mguu apige, mguu unabaki hewani, na ukija kushuka mpira uko wavuni kwake. Mzee akawa ananuna. Sasa alikuwa amemwita fundi aje kung'oa kadi ya picha atie nyingine.

"Mwanao kaniletea kimeo," alisema.

"Baba Salha, mtoto hasemwi hivyo," alijibu Bi Zaituni, akajinyoosha kwenye kochi. Kochi lilivaa kitambaa cha kufuma, meza ilivaa kitambaa, redio nayo ilivaa, kwa maana tangu astaafu mikono yake haikuweza kutulia, na katika nyumba ile hakuna kitu kilichokaa uchi. Macho yakamwelemea. Alipoyafumbua, alikuwa amesimama langoni mwa nchi asiyoijua.

Sandukuni ni nchi nyembamba iliyokwenda juu, yenye kuta za bati na upande mmoja wa kioo. Haina jua. Mwanga wake unatokana na taa zilizopangwa ukutani, mara nyekundu, mara buluu, mara zambarau, zikibadilika bila kuulizwa. Bi Zaituni alitaka kujua kazi ya taa hizo. Mwenyeji wake, Katibu wa Baraza aitwaye Bwana Mwafaka, alimweleza kwa fahari kwamba hazina kazi. Nchi ikipata shida, serikali huongeza nyingine, na wananchi hufarijika.

Bwana Mwafaka alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na ubaya haukuwamo moyoni mwake. Hili inafaa lisemwe mapema, kwa sababu mambo aliyoyafanya baadaye yangeweza kumfanya msomaji amdhanie vingine. Ndiye aliyemweleza mgeni kwamba ng'ambo ya nchi hukaa mkubwa mmoja aitwaye Mtazamaji. Hakuna aliyewahi kumwona uso. Ila kila jioni anataka achorewe dunia: majani, mpira, watu wakikimbia, jua likiwapiga mabegani. Anayechora ni mwanamke mmoja, Taswira. Huchora picha moja, akaitupa, akachora nyingine, kwa kasi ambayo mbele ya Mtazamaji picha hizo huungana zikawa uhai.

"Na anachora vizuri?" aliuliza Bi Zaituni.

"Alikuwa," alisema Bwana Mwafaka, na sauti ikashuka. "Tulimpenda mno, Mama. Siku hizi picha zinachechemea. Mtazamaji anashusha pumzi mpaka kuta zinatikisika. Ndiyo maana leo tunamhukumu."

"Akishindwa?"

"Atatolewa mlangoni."

Bi Zaituni aliuliza nini kipo nje ya mlango. Bwana Mwafaka akatazama viatu vyake. Alisema waliotolewa kabla yake hawakurudi kueleza.

Baraza lilikaa asubuhi, kama desturi yao, wakati Mtazamaji hayupo na nchi imepoa. Waheshimiwa walijifunika mablanketi. Taswira aliletwa, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye rangi tangu kucha hadi viwikoni, akaamriwa achore mbele yao. Akachora. Picha zilitoka mikononi mwake kama maji ya bomba jipya, na mjumbe mmoja mzee alijisahau akapiga makofi.

"Mmeona!" alisema Bwana Mwafaka kwa huzuni ya kweli. "Kumbe anaweza. Jioni hataki tu."

"Waheshimiwa, jioni mikono inakuwa mizito," alisema Taswira. "Sijui kwa nini. Nakaza meno, lakini brashi haiendi."

"Mikono ya nani inayokuwa mizito?"

"Yangu."

"Sasa kosa liwe la nani?"

Baraza likacheka, na Taswira naye akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayechekea mzaha uliofanywa juu ya msiba wake. Bi Zaituni aliliona tabasamu lile na moyo ukamwuma. Aliwahi kuona watoto wengi wakitabasamu hivyo mbele ya mwalimu mkuu.

Isidhaniwe kwamba Baraza halikujitahidi kumsaidia kabla ya kumshitaki. Walihangaika sana. Taswira alivishwa joho jipya la kazi, kisha akavuliwa akarudishiwa la zamani. Akaambiwa apunguze vivuli vya miti. Akaambiwa aache kuchora majani moja moja, apake kijani tu. Sakafu zilipigwa deki na mlinzi wa lango akahamishwa. Shida ni kwamba Sandukuni wana sheria iitwayo Sheria ya Pamoja, isemayo dawa zote zinywewe siku moja, ili ofisi yoyote isijione imedharauliwa. Kwa hiyo mambo yakipata nafuu kidogo, kila ofisi ilidai sifa. Yakizidi kuharibika, hakuna aliyejua dawa ipi imedhuru, na lawama zote zikarudi kwa mwenye brashi.

"Kwa nini msijaribu moja, mkangoja, mkaona?" aliuliza Bi Zaituni.

Wajumbe walitazamana. Mmoja alimwuliza kama kwao watu wana subira kiasi hicho. Bi Zaituni alifikiria kwao, akaamua kula karanga.

Alimwuliza Bwana Mwafaka swali lake. "Nini kimebadilika hapa, tangu picha zilipoanza kuchechemea?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Hakuna hata kimoja?"

"Kibaya, hakuna." Kisha akafafanua kwamba kwa mila yao badiliko linaloandamwa ni lile baya. Jambo jema halichunguzwi. Kumwuliza mtu habari za hisani aliyotendewa ni utovu wa fadhila, na wao si watovu wa fadhila.

Alasiri, Bi Zaituni aliomba aende akaone karakana ya Taswira. Njia yake ilipita ukumbi uliojaa watu waliokaa kwenye vigoda, na ikambidi apite kwa ubavu. Hao ni Wangojeaji. Sandukuni haifukuzi mgeni, na mgeni aliyewahi kuja kwa kazi ya siku moja ana haki ya kuamka na nchi kila asubuhi na kukaa ukumbini. Bi Zaituni alimsalimu mmoja wao, mzee mchangamfu mwenye kofia.

"Unangoja nini, mzee wangu?"

"Nangoja jipya, mwanangu. Kila baada ya muda nabisha pale kwa wapiga hesabu, nauliza: kuna jipya?"

"Likiwapo?"

"Nashukuru, narudi kukaa."

"Na wao wanaacha kazi kukujibu?"

"Watu wa adabu sana," alisema yule mzee. Akanyanyuka, akabisha. Ukumbi mzima ukanyanyuka pamoja naye, kila mmoja akabisha mlango wake. Bi Zaituni alikisia kwamba hapo kuna sehemu ya ugonjwa. Lakini hakuiona kuwa chanzo. Wangojeaji walikuwapo zamani, enzi picha zilipokuwa zinatiririka, na alichokuwa anakitafuta ni kitu kilichokuja ghafla.

Alipofika karakana, jioni ilikuwa imeingia na Mtazamaji ameketi. Taswira alikuwa kazini. Mwanzoni picha zilikwenda vizuri, mpira ukatoka kwa beki ukafika kwa winga. Bi Zaituni alivua mtandio. Baada ya kitambo akafungua kifungo cha kanzu. Jasho likamtiririka mgongoni, na hewa ikawa nzito, ya kujisukumia puani. Wapepeaji wawili waliokaa ukutani walikuwa wanazungusha mapepeo yao kwa nguvu zote, wanahema, lakini upepo wao ulipanda, ukagonga dari, ukarudi ulivyo, na joto lake.

Hapo alimwona mtu nyuma ya ukuta. Alikuwa mwanamume mrefu, kimya, ameshika kamba kwa mkono mmoja na kipimajoto kwa mwingine. Zebaki ilipopita mstari mwekundu, akaivuta ile kamba taratibu. Mikono ya Taswira ikawa mizito papo hapo. Winga akabaki na mguu hewani.

"Wewe!" Bi Zaituni alimfuata mbio. "Kumbe ni wewe unayemwonea mwenzako!"

Yule mtu hakushtuka. Jina lake ni Bwana Kiasi, Mshika Joto wa Sandukuni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimfanyeje, Mama? Joto likipita hapa nisivute, Taswira anaungua na brashi mkononi. Nikivuta, anachelewa. Nimechagua achelewe."

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Kamba iko nyuma ya ukuta tangu nchi iumbwe."

"Na Baraza wanamhukumu kwa kuchelewa! Umekaa kimya?"

"Mshika Joto hasemi asipoulizwa. Ndiyo kazi yangu, kila jioni nasimama hapa, kipimajoto mkononi, mtu akitaka kusoma asome. Wamebadilisha joho, wamebadilisha mlinzi, wamepunguza majani. Hapa hajafika mtu." Akafuta uso kwa mkono wa kanzu. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Na Baraza hukaa asubuhi, Mama. Asubuhi kuna baridi. Watayaonaje haya wakiwa ndani ya mablanketi?"

Bi Zaituni alijisikia vibaya kwa kumpigia kelele, akamwomba radhi. Kisha akamwuliza swali lake la miaka yote, lakini safari hii akalitengeneza upya. "Acha mabaya. Nini chema kilichokuja hapa, kabla joto halijaanza?"

Bwana Kiasi aliinua macho juu, akashusha sauti, kama watu wa kwao wote wanavyofanya wakilitaja jambo hilo. "Neema," alisema.

Zamani dari la Sandukuni lilikuwa na dirisha pana, na pumzi yote ya moto ya nchi ilitokea hapo. Siku moja kitu cheupe kilishuka kutoka juu kikalifunika, laini, chenye maua. Watu waliimba. Hawakujua aliyewapa, lakini walijua wamependwa, kwa sababu kitu cha namna ile hakifanywi na mtu asiyekupenda. Ikatangazwa sikukuu. Wapepeaji ndio waliolalamika kidogo, wakaambiwa waone haya.

Bi Zaituni alipanda ngazi. Kila hatua joto lilizidi, na alipofika juu alilazimika kujifunika mdomo. Neema ilikuwa uzi mweupe wa pamba, umefumwa kwa mkono, maua yenye moyo wa manjano yakiwa yameshikana petali kwa petali. Mfumaji alikuwa hodari. Katika pembe moja tu ua lilikuwa limepungukiwa petali, na pengo limezibwa kwa fundo.

Alilijua fundo lile. Alikuwa amekaa kibarazani kwake, simu ikaita, Salha akasema atakuja Idi, na kwa furaha akapotea hesabu. Akaliacha ua vile vile, akazibia, akasema nani ataliona. Kilipokwisha alikitandika mwenyewe juu ya kompyuta ya mwanawe, akarudi nyuma akakitazama, akapendezwa.

Bi Zaituni aliketi kwenye ngazi. Katika maisha yake alikuwa ameingia shule nyingi na kukuta kosa la watu wengine, na daima ilikuwa rahisi. Chini yake alimsikia Taswira akihema. Ilimpitia akilini, na haifai kufichwa, kwamba hakuna mtu katika nchi ile aliyejua nani alifuma. Lilikuwa wazo la mara moja tu, lakini lilimpitia.

Kelele za umati zikamshusha. Baraza lilikuwa limeamua Taswira atolewe, nalo limefika kutekeleza hukumu. Sheria inasema mhukumiwa afanye kazi mpaka kizingitini, basi walimbeba Taswira na kiti chake na rangi zake, huku anachora, mpaka ukuta wa ubavuni. Wanawake walilia. Bwana Mwafaka naye alilia, akasoma hukumu kwa sauti iliyokatika katika. Makomeo yakafunguliwa na ukuta mzima ukaondolewa.

Upepo ukaingia. Ulikuwa baridi, ukanukia vitunguu vinavyokaangwa mahali fulani, na ulipita katika nchi nzima kwa pumzi moja. Bwana Kiasi alitazama zebaki ikishuka, akaiachia kamba. Mikono ya Taswira ikawa myepesi. Winga akashusha mguu, mpira ukaondoka, ukapinda, ukaingia pembeni mwa goli. Ng'ambo ya nchi Mtazamaji akacheka kicheko kikubwa kilichoishia na kikohozi. Bi Zaituni alikitambua. Alikuwa amelala kando ya kikohozi kile ujana wake wote na uzee wake.

Umati ulipigwa na bumbuwazi. Bwana Mwafaka ndiye aliyezinduka kwanza, uso umemng'aa.

"Nimeelewa!" alisema. "Kumbe akitishwa anachora! Basi asitolewe. Tumlete hapa kizingitini kila jioni, tumtishe."

Baraza likashangilia. Mjumbe mmoja akapendekeza na taa zaidi. Taswira aliweka brashi chini kwa mara ya kwanza, akafunika uso kwa mikono yake yenye rangi.

Hapo Bi Zaituni aliona imetosha. "Nyamazeni," alisema kwa sauti iliyowahi kunyamazisha mikusanyiko ya shule nzima. "Mtu huyu hajakosa kitu. Mmemziba pumzi. Ile mnayoiita Neema ndiyo inayomwua, na mkitaka kumtoa mkosaji mlangoni, nitoeni mimi. Nimeifuma mimi."

Bwana Mwafaka alitikisa kichwa. "Lakini Mama, ile imefumwa kwa mapenzi."

"Ndiyo," alisema Bi Zaituni. "Kwa mapenzi. Sikuuliza tu kama mnahitaji kufunikwa."

Aliwataka waiondoe. Wakamwambia haiwezekani, zawadi huondolewa na aliyeitoa, tena kwa upande ule ule alioitolea. Na kulikuwa na jambo jingine: mlango uliofunguliwa kumtoa mtu haufungwi mpaka mtu atoke. Hayo mawili waliyasema kwa masikitiko, wakidhani yanamzuia. Bi Zaituni alijifunga mtandio wake, akatia mkoba kwapani. Wakati wa kupita alisimama mbele ya Taswira.

"Usijilaumu, Mama," alisema Taswira. "Kilikuwa kizuri. Nikiwa napumzika nilikuwa nakitazama."

Maneno hayo yalimwumiza Bi Zaituni kuliko kama angetukanwa. Akavuka kizingiti.

Sebuleni, fundi alikuwa amepiga magoti kando ya kompyuta, bisibisi mkononi, ubavu wa mashine umefunguliwa na kuegemezwa ukutani. Mzee alikuwa anacheza huku anacheka, na harufu ya vitunguu vya jirani ilikuwa imejaa nyumba.

"Ajabu hii," alikuwa akisema. "Umekuja wewe, inacheza."

"Inaniogopa tu kwa sababu nipo, mzee," alisema fundi. "Kadi imechoka. Tuing'oe."

"Acha!" alisema Bi Zaituni, akainuka kwenye kochi nywele zikiwa zimemvurugika. Alikwenda mpaka mezani, akakishika kitambaa cheupe kilichofunika sehemu ya juu ya kompyuta, akakivuta. Chini yake yalikuwapo matundu madogo madogo, safu kwa safu, na vumbi la pamba limeyaganda. Akayafuta kwa upindo wa kanga.

"Mama Salha, unakivua kitambaa chako mwenyewe?" mumewe alishangaa. "Si ulisema kinapendeza?"

"Kinapendeza. Fundi, funga huo ubavu, baba, tuone."

Fundi alifunga kwa kusitasita. Wakangoja. Mpira ulikwenda, ukarudi, wala mguu wa mtu haukubaki hewani. Kutoka Mwanza, Salha alipiga ukelele kwenye spika kwamba kafungwa bao la wizi, na baba yake akamwambia akalalamike kwa refa, mwanangu, kompyuta uliyoniletea ni kiboko.

Bi Zaituni hakusikiliza mabishano. Alikuwa amekikunja kitambaa kifuani, na kiganja cha mkono mwingine amekiweka juu ya yale matundu. Pumzi ya moto ilitoka, nyingi, ikimgonga mkononi, kisha kidogo kidogo ikaanza kupoa.

"Pole, mwanangu," alisema.

"Asante, mama," alijibu Salha kwenye spika. "Lakini na wewe mwambie baba aache wizi."